Mizani kwenye banda la nyasi

Ukimuuliza saisi wa Limuru farasi mzuri yukoje, atakueleza habari za farasi aliyenona: mgongo umejaa, shingo imetuna, ngozi inang'aa. Nami nililelewa hivyo katika kazi hii. Mwenye farasi akija na wageni wake Jumapili, mnyama mwenye mbavu zinazohesabika ni aibu ya anayemtunza, na mnyama mnene ni sifa yake. Ndiyo maana laminaitisi, ugonjwa unaoumiza kwato kutoka ndani, hutuchanganya akili. Farasi anayefanya kazi kutwa na kulala nusu tumbo huipata kwa nadra. Anayeipata sana ni kipenzi cha nyumba, yule anayepewa kitu na kila apitaye mlangoni pake.

Ninayetaka kumzungumzia ni jike wa rangi ya majivu tunayemwita Karafuu. Upande wa mama yake ana damu ya farasi wa Kisomali: mfupi, kifua kipana, miguu mikavu. Asili ya farasi hao ni nchi kame, ambako majani hupatikana kwa msimu na mnyama hutembea kutwa kuyafuata, kwa hiyo mwili wake umezoea kuweka akiba kila unapopata nafasi. Sasa mlete Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye masika na vuli, mahali nyasi za kikuyu zinapoota hadi kwenye nyufa za saruji, na kazi yake iwe kubeba watoto kwa muda mfupi kila Jumamosi. Akiba hiyo ataitumia lini?

Masika yalikuwa yanaishia. Kijana ninayefanya naye kazi alikuja jikoni akasema, "Mzee, Karafuu hataki kugeuka." Mbele aliweza kwenda, tena kwa hatua fupi fupi, lakini ukimvuta azunguke anasimama na kuinua kichwa. Ukimwacha, anatanguliza miguu ya mbele na kurudisha uzito wote nyuma, kwenye visigino na miguu ya nyuma. Kwato za mbele zilikuwa na joto, ingawa joto peke yake linaweza kukudanganya siku ya jua. Kisichodanganya sana ni mpigo wa damu. Weka vidole viwili nyuma ya kifundo cha mguu, pembeni kidogo, palipo na mshipa chini ya ngozi. Kwa farasi mzima utautafuta mpigo huo hadi uchoke, na pengine usiupate. Kwa Karafuu ulikuwa unagonga. Tangu siku hiyo kijana hupima mpigo wa kila farasi kila asubuhi kabla ya kufungua milango, wazima kwa wagonjwa, kwa sababu usipojua mpigo wa siku ya kawaida huwezi kuutambua wa siku mbaya.

Daktari wa mifugo alifika mchana huo huo. Alitueleza jambo ambalo naona kila saisi angeelezwa siku ya kwanza ya kazi. Ndani ya ukwato mna mfupa, na mfupa huo umening'inia: umeshikiliwa na ukuta wa ukwato kwa tabaka nyembamba za nyama zilizopachikana mamia kwa mamia, namna ukucha wako ulivyoshikana na nyama ya kidole. Uzito wa farasi unabebwa na mshikamano huo. Laminaitisi ni pale tabaka hizo zinapovimba, zikanyooka, zikaanza kuachia. Zikiachia sana, mfupa unapinda ncha yake ikielekea chini, au unazama wote, na ukifika kwenye wayo hapo habari imekuwa nyingine kabisa.

Ugonjwa huu una milango zaidi ya mmoja. Barbaro, farasi aliyeshinda Kentucky Derby mwaka 2006, alivunjika mguu wa nyuma wiki mbili baadaye; miguu mingine ikaelemewa na uzito, laminaitisi ikaingia, na Januari 2007 ikabidi alazwe kwa sindano. Mlango mwingine ni sumu mwilini, kama farasi aliyevunja stoo akala gunia la nafaka, au jike aliyebakiwa na kondo la nyuma baada ya kuzaa. Lakini mlango unaopitiwa na wengi, na ndio aliopitia Karafuu, ni insulini, ile homoni inayodhibiti sukari ya damu. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walionyesha jambo hili bila kuacha shaka: walichukua farasi wadogo wenye afya, wakawapitishia insulini nyingi kwenye mshipa huku sukari ya damu ikidhibitiwa isipande wala isishuke, na ndani ya siku tatu farasi hao walikuwa na laminaitisi. Kwa hiyo sukari ya chakula inaumiza kwato kwa kuita insulini, na kuna farasi ambao mwili wao huita insulini kupita kiasi kwa chakula ambacho mwingine angekula bila neno. Damu ya Karafuu ilipopimwa, ndivyo ilivyokuwa. Daktari alipima pia ule ugonjwa wa tezi ya ubongo unaowapata farasi wazee, wanaobaki na manyoya marefu msimu wote, akaukosa. Kama ungekuwepo angehitaji dawa kila siku pamoja na mlo, maana mlo peke yake usingetosha.

Siku za mwanzo hazina mambo mengi. Tulimwekea maranda ya mbao yenye kina hadi juu ya kwato, mpaka mlangoni, ili akisimama popote wayo ubebe sehemu ya uzito. Hakutembezwa. Kuna watu bado wanaamini farasi wa namna hii achapwe atembee ili damu izunguke. Tabaka zinazoachia hazisaidiwi kwa kuvutwa zaidi. Dawa ya maumivu ilipimwa na daktari kwa uzito wake.

Hapo ndipo mlo ulipoanza, maana dawa hiyo ni unga mchungu na desturi yetu ilikuwa kuuficha ndani ya pumba iliyomiminiwa molasi. Molasi haikuruhusiwa tena. Tulijaribu maji ya chumvi, akakataa. Kilichofaa ni konzi moja ya lusini iliyokatwakatwa na kulowekwa hadi ikawa laini, unga ukichanganywa ndani. Lusini haina sukari nyingi kama watu wanavyodhani. Kinachonenepesha ni nguvu na protini yake ikitolewa kwa madebe, na konzi si debe.

Mama mwenye farasi aliuliza swali ambalo kila mtu huuliza: basi tusimpe kitu kwa siku mbili tatu? Jirani mmoja, mfugaji wa muda mrefu, alikuwa amemshauri hivyo hivyo. Daktari alikataa kwa ukali ambao sikuuzoea kwake. Farasi mdogo mnene akinyimwa chakula, mwili unafungua akiba ya mafuta kwa pupa, mafuta yanafurika kwenye damu na kuziba ini, na hiyo inaua haraka kuliko kwato. Punda wako hatarini zaidi kwa jambo hili. Jirani huyo huyo ana punda wa kubeba maji, nikamwambia jambo moja tu: punda wako mnene akikataa kula hata kutwa moja, usingoje kesho, mwite daktari.

Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kumlisha vya kutosha tumbo lisiwe tupu, lakini kwa sukari kidogo na nguvu kidogo. Hiyo ndiyo hesabu yote, na kuitekeleza ndiko kulikotutoa jasho.

Tulianza na uzito. Huku kwetu hakuna mizani ya kusimamishia farasi, ila kuna utepe wa fundi cherehani. Unazungusha kifuani, nyuma tu ya viwiko, kisha unapima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Kifua kwa sentimita, zidisha kwa chenyewe, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880, unapata kilo. Karafuu alikuwa na kifua cha 168 na urefu wa 140, yaani kama kilo 333. Kwa umbo lake alipaswa kuwa karibu na 300. Si kipimo cha duka la dhahabu, lakini kikipimwa na mtu yule yule, siku ile ile, kabla ya chakula, kitakuambia kama unapanda au unashuka.

Uzito peke yake hautoshi. Pitisha mkono juu ya shingo, chini ya singa. Mafuta ya hapo ndiyo hatari zaidi: yakiwa laini na yanayumba unapoyasukuma bado kuna nafasi, yakiwa yamekaza hayasogei, chunga sana wiki hiyo. Nimeshuhudia shingo ya Karafuu ikikaza siku chache kabla mpigo haujapanda kwatoni, kwa hiyo naiamini kuliko macho yangu.

Daktari alisema apewe nyasi kavu sawa na asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, zikihesabiwa bila maji. Kwa kilo 333 hiyo ni kilo tano, na kwa kuwa nyasi kavu huwa na unyevu kidogo, kwenye mizani inakuwa kilo tano na nusu hivi. Nikanunua mizani ya kuning'iniza ndoano, ile ya wachuuzi wa viazi, nikaifunga kwenye boriti ya banda la nyasi. Kabla ya hapo tulikuwa tunalisha kwa "vipande", na kipande cha robota ni mkono wa anayekata. Kijana alipima vipande vitatu alivyokuwa anamwekea Karafuu kila jioni, akapata uzito unaokaribia posho ya siku nzima. Na hapo asubuhi alikuwa ameshakula, na mchana alikuwa padoki, kwenye uwanja wa malisho.

Halafu kuna suala la nyasi zenyewe, na hapa vitabu vya Ulaya vinaweza kumpoteza saisi wa Kiafrika. Vinazungumza sana juu ya fruktani, sukari inayohifadhiwa na nyasi za nchi za baridi kama ryegrass. Kikuyu na Rhodes ni nyasi za joto. Hazihifadhi fruktani kwa namna ile, zinahifadhi wanga kwenye majani, pamoja na sukari za kawaida. Tofauti hii inaonekana kama ya darasani mpaka ufike kwenye kuloweka. Maji huyeyusha sukari na fruktani, wanga hautoki. Kwa hiyo mtu wa Uingereza anaweza kununua nyasi tamu akaziloweka akapunguza sehemu kubwa ya tatizo. Mimi nikinunua nyasi mbaya, ndoo haitaniokoa vya kutosha. Kuchagua robota ndiko kwenye uzito zaidi.

Tulikuwa tunalisha nyasi kavu za oti, zilizokatwa punje zikiwa bado na maziwa. Zinanukia vizuri, farasi wote wanazikimbilia, na kwa Karafuu zilikuwa sawa na kumwekea sukari kwenye hori. Zikaondoka siku hiyo hiyo. Mahali pake tukatafuta Boma Rhodes iliyokomaa, iliyokatwa baada ya kutoa mbegu, yenye mabua mengi kuliko majani. Muuzaji alinishangaa. Wateja wake wote wanagombania marobota ya kijani kibichi yaliyokatwa mapema, mimi ninaomba yale ya rangi ya mchanga anayouzia watu wa ng'ombe wasio na maziwa. Nilimwambia nataka zisizo na ukungu wala vumbi, basi. Uzuri mwingine abaki nao. Sampuli tuliyopeleka maabara ilirudi na sukari na wanga kwa pamoja asilimia 9 ya nyasi zikihesabiwa bila maji. Kinachotakiwa kwa farasi wa namna hii ni chini ya 10. Mzigo mwingine, wa muuzaji mwingine, uliofanana nao kwa macho kabisa, ulikuwa juu ya hapo, tukawapa farasi wa kukimbia.

Hata hivyo tuliloweka, maana sukari inayotoka ni sukari iliyotoka. Maji ya Limuru mwezi wa Julai ni ya baridi kali na sukari haiyeyuki upesi humo, kwa hiyo nyasi zililala ndani ya pipa usiku kucha. Kwenye jua la Januari saa moja au mbili zinatosha, na ukizidisha zinachacha na kutoa harufu ya kileo. Maji yanayobaki ni ya rangi ya chai, usiyamwage padoki wala karibu na ndoo za kunywea. Suuza, ning'iniza zichuruzike, lisha mara moja. Nyasi zinapimwa kabla ya kuloweka, kamwe si baada. Na kwa kuwa maji huchukua sehemu ya nyasi yenyewe, daktari alituongezea kama moja ya tano: kilo 6.6 kavu kwa siku. Robota la kilo 15 likawa linamtosha siku mbili na kipande.

Maji hayachagui. Yakiondoa sukari yanaondoa na madini. Kwa hiyo kila siku alipata unga wa madini wa farasi, usiochanganywa na molasi, wenye shaba na zinki, pamoja na kijiko cha chumvi na vitamini E, kwa sababu farasi asiyegusa majani mabichi hupungukiwa nayo. Ile konzi ya lusini iliendelea, hata dawa ya maumivu ilipokoma, ili kubeba unga huo. Ina faida nyingine ambayo sisi wa nyasi za kikuyu tunapaswa kuijua: kikuyu ina oksaleti inayoshika kalisi isiingie mwilini, na farasi anayeishi kwa kikuyu peke yake miaka mingi mifupa yake hudhoofika. Lusini ina kalisi nyingi, nayo husaidia kufidia.

Kumbe kupima nyasi ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Farasi anayepewa kilo sita na ushee huzimaliza kwa saa chache kisha anasimama kutwa nzima akitafuna mlango. Tumbo la farasi hutoa asidi muda wote, ale asile, na farasi mwenye kuchoka huanza tabia mbaya. Tulinunua wavu wa matundu ya sentimita tatu, kisha tukamtia wavu ndani ya wavu. Posho iligawanywa mara nne: saa kumi na mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na saa nne usiku. Kijana aligundua kwamba ukitundika nyavu mbili pembe tofauti za banda, Karafuu huenda na kurudi kati yake, na hata hatua hizo ni mazoezi pale ambapo daktari ameshakubali atembee.

Saa nne usiku sisi sote tumelala, ila soja. Naye soja ndiye aliyekuwa tatizo letu kubwa, ingawa ilichukua muda kujulikana. Wiki za mwanzo kila kitu kilienda sawa kwenye daftari, kifua kikashuka, halafu kikagoma. Shingo haikulegea. Nilishuku mizani, nikashuku muuzaji wa nyasi. Asubuhi moja kijana akaokota maganda ya miwa ndani ya maranda. Soja wetu, mzee mwenye moyo mwema kuliko wote tuliofanya nao kazi hapa, alikuwa akimmegea Karafuu muwa wake kila usiku, na ukoko wa ugali ukibaki, na ganda la ndizi. "Anaita kwa sauti, baba," akaniambia, "nami niko peke yangu naye usiku kucha. Nifanyeje?"

Ukweli ni kwamba hakuwa peke yake. Tulipoanza kuulizana ikaonekana watoto wa Jumamosi wana karoti mifukoni, mpishi anamletea maganda ya viazi, na Mama mwenyewe, aliyekuwa akilipa bili za daktari, hakuweza kuingia bandani bila kipande cha mkate. Kila mmoja alikuwa anatoa kidogo tu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kilikuwa kinajazwa na watu kadhaa, kila mmoja bila kujua anachotoa mwenzake.

Nimeona mabanda yanayobandika karatasi ya marufuku mlangoni. Yetu ilibandikwa pia, na mkate ukaendelea. Mtu anayempenda mnyama hawezi kusimama mbele yake mikono mitupu, hasa mnyama anayemjua kwa hatua zake na kumwita. Kwa hiyo tulibadilisha mpango. Katika kilo 6.6 za siku, tulitoa gramu mia tano, tukazikata fupi na kuziweka ndani ya debe dogo mlangoni. Anayetaka kumpa Karafuu kitu atoe humo. Watoto walinuna siku mbili, kisha wakazoea, maana kwao raha ni midomo ya farasi kwenye kiganja. Kilicho kiganjani hakiwahusu sana. Mama alijazwa mfuko wa koti asubuhi, nyasi kavu tupu.

Soja tulimpa wavu wa saa nne. Siku ya kwanza nilimwonyesha mizani na daftari, nikamwambia kwamba huo ndio mlo mrefu kuliko yote, unaombeba mgonjwa hadi alfajiri, na usipofika kwa wakati kazi yetu ya mchana imeharibika. Ameupeleka kila usiku tangu hapo. Kama kuna kitu kimoja kilichomponya farasi huyu kuliko kingine naweza kusema ni zamu ya soja, na daktari amecheka niliposema hivyo lakini hakubisha.

Kifua kilianza kushuka tena, polepole. Haifai kushuka kwa kasi, kwa sababu ile ile ya mafuta kufurika kwenye damu. Kilo mbili au tatu kwa wiki kwa farasi wa ukubwa wake ni mwendo mzuri. Kwato zilichukua muda mrefu zaidi. Ukwato hukua chini ya sentimita moja kwa mwezi, hivyo kutoka juu palipoota manyoya hadi ncha ya mbele ni kama mwaka mzima. Fundi wa kwato alikuja kila baada ya wiki tano au sita, akiwa na picha za eksirei mkononi, akapunguza ncha ya mbele isivute ukuta, akaacha wayo unene. Ukimtazama Karafuu ubavuni miezi ile ungeona mstari kwenye ukwato: chini yake ukuta wa zamani uliopinda kwenda nje, juu yake mpya ulionyooka. Mimi niliutumia mstari huo kumwonyesha kila mgeni aliyeuliza kwa nini tunamnyima farasi mkate.

Swali la majani mabichi tulilichelewesha mpaka daktari alipopima insulini tena na kuridhika. Majani hutengeneza sukari mchana kwa jua na kuitumia usiku kukua, kwa hiyo yana sukari kidogo kabisa kabla ya mapambazuko na nyingi kabisa alasiri. Karafuu hutoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi kabla ya saa tatu. Kuna asubuhi ambazo sheria hiyo inageuka: usiku wa anga jeupe wa Januari na Februari, wakati baridi inaposhuka hadi umande unaganda, kama inavyotokea Kinangop na sehemu nyingine za juu. Nyasi haziwezi kukua kwenye baridi hiyo, sukari ya jana inabaki pale pale, na asubuhi ni mbaya sawa na alasiri. Siku hizo anabaki ndani. Vivyo hivyo wiki za kwanza baada ya mvua kuanza, machipukizi yanapotoka kwenye padoki iliyokuwa imeungua kwa kiangazi. Machipukizi mafupi hayana maana ya chakula kidogo. Farasi hung'ata sehemu ya chini ya bua, na humo ndimo sukari inamojificha.

Kwa hayo masaa ya nje amevishwa kifuniko cha mdomo chenye tundu moja chini. Fundi wa viatu wa mjini alitushonea kwa mkanda wa nailoni baada ya kile cha kununuliwa kumchubua pua. Anakunywa nacho, anakula nacho kidogo kidogo, na anakaa na wenzake, jambo ambalo kwa farasi ni nusu ya afya. Usimwache nacho kutwa kucha, na kikague kila siku kama kamba haijanasa.

Niliyoyasema juu ya nafaka ni machache kwa sababu hayahitaji mengi: mahindi, shayiri, pumba ya ngano, chakula cha tembe cha farasi wa mashindano, vyote viliondoka kwenye banda lake. Stoo ina kufuli. Na farasi yeyote, hata mzima, akivunja stoo na kula nafaka, usimtazame tu ukasema mbona yuko sawa. Dalili za kwato huja baada ya siku moja au mbili, na wakati mzuri wa kuziba njia ni kabla hazijaja. Daktari aitwe saa hiyo hiyo, na kwato ziingizwe kwenye barafu. Sisi tumeelewana na mwenye bucha ya barabarani kwamba friji yake ina mfuko wetu wa barafu, na tunamlipa kila mwezi tukiutumia au tusipoutumia.

Sasa Karafuu anapandwa tena, na mazoezi yenyewe huulegeza mwili usiite insulini kwa fujo, ikiwa kwato zimeshatulia. Jumamosi iliyopita kifua kilisoma 161. Mama anataka tumwongezee nusu kilo ya nyasi kwa kuwa sasa anapanda vilima vya mashamba ya chai karibu kila siku. Daktari amekubali robo kilo, tupime tena mwisho wa mwezi, na soja ameuliza kama hiyo robo inaweza kuingia kwenye wavu wake.